Ukitoka mlangoni ukiwa na joto, umeshavaa kupita kiasi

*Swali: Shikamoo kocha. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimehamia Minneapolis mwezi wa nane kwa masomo. Nyumbani nilikuwa nakimbia Raskazone asubuhi, kilomita sita hadi nane. Tangu Novemba nimejaribu huku mara nne na kila mara narudi nalia. Juzi ilikuwa digrii 20 za Fahrenheit. Nilivaa fulana mbili za pamba, sweta, hudi na lile jaketi kubwa la baridi. Kufika katikati nilikuwa nimelowa kama nimetoka baharini. Nikasimama kwenye taa za barabarani, nikaanza kutetemeka hadi meno yakagongana, na vidole sikuvisikia kabisa. Navaa hijabu. Pesa yangu ni ya mwanafunzi. Mama anasema niache kabla baridi haijaniingia kifuani. Nivae nini?*

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa hayo meno.

Nimeisoma orodha yako ya nguo mara mbili: fulana mbili, sweta, hudi, jaketi. Mtu akirudi anatetemeka baada ya kuvaa vitu vitano, wazo la kwanza ni kutafuta cha sita. Wewe punguza. Ulivaa mzigo, ukatoka jasho, kisha ukasimama. Hayo matatu, kwa mpangilio huohuo, ndiyo yanayowarudisha ndani wakimbiaji wengi waliotoka kwetu wakaja huku, na hakuna jaketi dukani linaloweza kuyatibu.

Nasema kwa aibu kidogo, maana yalinikuta. Nimekulia Makete, ambako Julai unaamka unakuta sakitu imetanda kwenye majani ya viazi na wazee wanaota moto mpaka jua lishike. Nilipofika Minnesota nilijiona mwenyeji wa baridi. Januari yangu ya kwanza nilitoka na koti zito lililojazwa manyoya ya bata, nikakimbia kilomita nane kando ya Mto Mississippi. Nilipolivua, fulana ilikuwa ya kukamua, na mgongoni mwa koti, upande wa ndani, jasho lilikuwa limeganda likafanya ukoko mweupe. Nikaukwangua kwa ukucha. Makete walinifundisha kukaa kwenye baridi. Kukimbia ndani yake ilikuwa elimu nyingine.

Unaujua mtungi wa maji wa bibi. Maji yake ni baridi, na ndoo ya plastiki iliyo pembeni yake ina maji ya vuguvugu. Udongo wa mtungi unapitisha maji kidogo kidogo hadi nje, hewa inayakausha, na kila tone linalokauka linaondoka na joto. Fulana ya pamba iliyolowa inafanya kazi hiyohiyo, ila safari hii uliyemo ndani ya mtungi ni wewe. Tena maji hupitisha joto karibu mara 25 kuliko hewa iliyotulia, kwa hiyo kitambaa kilicholowa kikagandamana na ngozi kinakunyonya joto hata bila kukauka. Ukiwa bado unakimbia hulioni tatizo kwa sababu tanuru la misuli yako linawaka. Ukisimama kwenye taa, tanuru linapungua, mtungi unaendelea kupoza.

Na tanuru hilo ni kubwa. Misuli ikifanya kazi, karibu robo tu ya nguvu inayotumia inakuwa mwendo. Inayobaki inatoka kama joto. Ndiyo asili ya kanuni tunayowapa wakimbiaji wapya: vaa kana kwamba nje kuna joto la digrii 10 za Selsiasi zaidi ya kipimo. Kwa hizo Fahrenheit wanazotumia huku, ongeza kama 20. Siku ile ya 20, yaani -7 za Selsiasi, ungevaa kama mtu anayekwenda kutembea tu kwenye 40, yaani 4. Ukifungua mlango lazima usikie baridi, mabega yapande, utamani kurudi kitandani. Hali hiyo inadumu dakika kumi hivi. Ukisimama barazani ukajisikia raha, rudi ndani uvue kimoja. Hesabu hiyo ni ya anayekimbia kweli, lakini. Siku unayojua utatembea na kukimbia kwa zamu, hesabu digrii 5 badala ya 10.

Sasa nguo zenyewe. Inayogusa ngozi ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo watu wanayoibania pesa ili wakazimalizie kwenye jaketi. Soma lebo ya ndani, kule ubavuni: ikitaja pamba, irudishe kabatini. Pamba ni rafiki yetu wa pwani. Kanga ikilowa inanata mwilini na kukupoza, na kwa jua la Tanga hiyo ni neema. Huku ni balaa. Unayoitaka ni poliesta nyembamba au sufu nyembamba ya kondoo wa merino, ya mikono mirefu, inayogusa ngozi kila mahali bila kukubana pumzi. Poliesta hainywi maji, hivyo jasho linasambaa juu ya nyuzi na kusogea nje. Sufu inakunywa kiasi, lakini hata ikilowa inaendelea kutunza joto, na hainuki upesi. Kasoro yake ni bei.

Usiniamini kwa maneno. Nenda jikoni, chukua fulana ya pamba na jezi ya mpira, zilowanishe zote mbili, zikamue kwa nguvu zako zote, zikung'ute mara tatu, kisha weka kila moja shavuni uone ipi bado imelowa. Na hapo nimeshakutajia nguo yako ya kwanza: kama ulikuja na jezi ya Coastal Union, hiyo ni poliesta. Ivae ndani, fulana nyembamba ya michezo ya mikono mirefu ije juu yake.

Nguo ya kati ihifadhi kwa siku zinazoshuka chini ya -10. Iwe sweta jembamba la poliesta yenye manyoya laini, lenye zipu fupi shingoni. Zipu hiyo ndiyo dirisha la nyumba yako. Ukipanda kilima unaishusha, ukigeukia upepo unaipandisha, na unaweza kumaliza mbio nzima bila kufikia hatua ya kulowa. Hudi yako ni ya pamba, iache iende darasani.

Ya nje ni jaketi jepesi la kuzuia upepo, lile linalokunjika likaingia mfukoni. Usikimbilie la mvua lisilopitisha hata pumzi. Hilo litazuia maji yasiingie na jasho lisitoke, na utavundikwa humo kama ndizi. Ukinunua, lipulizie kwa mdomo kwenye kitambaa cha kifuani: pumzi isipite kirahisi. Kisha angalia kwapani na mgongoni kama kuna matundu au kitambaa chepesi zaidi, maana huko ndiko jasho linakotafuta njia.

Kwa nini nasisitiza upepo kuliko unene? Kumbuka ukitoka kuoga baharini mwezi wa saba, kusi inavuma. Hewa ni digrii 25, na bado unajikunyata unatafuta kanga. Mwili hujizungushia ganda jembamba la hewa ya uvuguvugu, na upepo unalibeba kila linapotengenezwa. Ndiyo maana simu yako inaonyesha namba mbili, ya kipimo na ya jinsi baridi inavyohisika. Vaa kwa kuangalia ya pili. Kwa jedwali la idara ya hali ya hewa ya Marekani, 0 ya Fahrenheit (-18) ikiwa na upepo wa kilomita 24 kwa saa inahisika kama -28, na hapo ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Wewe nawe ukikimbia kilomita 10 kwa saa siku tulivu, umeshajitengenezea upepo wa kilomita 10.

Kwa hiyo njia unayopita ni sehemu ya mavazi. Ukizunguka ziwa la Bde Maka Ska, kilomita 5 hivi, upande mmoja upepo utakupiga tu, kwa sababu ziwa likishaganda ni uwanja mtupu usio na mti hata mmoja. Kwenye njia za kwenda na kurudi, anza kwa kuupa upepo uso, urudi ukiupa mgongo. Watu wa pwani mnasema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwenye baridi shida yote iko kwenye marejeo, maana ndiyo wakati umelowa na umechoka.

Kichwani sasa. Utaambiwa nusu ya joto la mwili hutokea kichwani. Si kweli. Kichwa ni karibu asilimia 10 ya eneo la mwili na hupoteza takriban kiasi hichohicho. Kinachohitaji ulinzi wa kweli ni masikio na pua, nyama nyembamba zisizo na misuli ya kuzipasha.

Hijabu yako ni faida, mradi ubadilishe kitambaa. Shela unayofunga kwa pini kwenda chuoni iache. Tafuta ile ya kupitisha kichwani, ya poliesta nyembamba inayovutika, na juu yake boshori jembamba linalofunika masikio. Ncha zote zitumbukize ndani ya kola kabla ya kufunga zipu. Kwenye kundi ninalofundisha kuna mabinti wa Kisomali, na mji huu una Wasomali wengi, na wao ndio walionifunulia jambo ambalo nisingelijua: kile kipande cha chini ya kidevu ndicho kinachopokea pumzi. Kinalowa, kinaganda, kinakuwa kigumu kama kadi ya benki na kuanza kukwangua ngozi. Dawa yao ni kuvaa juu yake kitambaa cha shingo cha mviringo, kisicho na mwanzo wala mwisho, na kukizungusha kila kinapolowa ili upande mkavu uje mbele. Kidevuni wanapaka mafuta ya mgando. Hayo yanazuia mchubuko tu. Atakayekuambia yanazuia ngozi kuganda usimsikilize. Na usitoke siku uliyoosha nywele zikiwa bado mbichi, hasa kama umesuka, kwa sababu rasta zinaficha maji kwa saa nyingi.

Vidole ulivyosema hukuvisikia vina kisa chake. Mwili ukihisi unapoa, unabana mishipa ya mikono na miguu ili damu ya moto ibaki karibu na moyo. Mikono inatolewa sadaka. Maana yake mkono uliopoa mara nyingi unasimulia habari za kifua: fulana ya ndani imelowa. Pamoja na hilo, glovu za vidole vitano zinavitenganisha vidole na kila kimoja kinapoa kivyake, kama ndugu waliogombana. Zinatosha mpaka kama -10. Chini ya hapo tafuta zile ambazo vidole vinne vinakaa kwenye mfuko mmoja na gumba linakaa peke yake. Kabla hujapata pesa, vaa glovu nyembamba kisha soksi ya sufu juu yake. Utachekwa kwenye kituo cha basi, lakini mikono itapona. Vipo pia vifuko vidogo vya unga wa chuma, ukivifungua vinakutana na hewa na kutoa joto kwa saa kadhaa. Weka kimoja kila glovu siku mbaya.

Miguu haina makuu, misuli yake ndiyo tanuru lenyewe. Taiti moja nene ya michezo inakutosha mpaka -10, na chini ya hapo ongeza suruali nyepesi ya kuzuia upepo. Kwa ajili ya stara unaweza kuvaa juu yake gauni la michezo linalofika magotini, ila liwe jembamba kwa upana. Likiwa pana, upepo wa ziwani utalijaza kama tanga la jahazi na utakimbia ukivutwa nyuma. (Wanaume mnaosoma pembeni: mwaka 1977 daktari mmoja wa Marekani aliandika kwenye jarida la tiba jinsi alivyokimbia jioni ya baridi na suruali nyepesi, na kiungo ambacho sitakitaja kikaanza kuganda. Zipo chupi zenye kitambaa cha kuzuia upepo mbele. Nunueni.)

Soksi iwe moja, ya sufu. Watu huvaa mbili ndani ya raba ileile, zinabana, damu haipiti, na nyayo zinakuwa baridi kuliko angevaa moja. Raba zako za kiangazi zina matundu ya hewa mbele. Bandika selotepu nene juu yake na umeshapata raba za baridi. Barafu ni habari nyingine. Iogope ile nyembamba inayofanana na lami iliyolowa, maana theluji mpya inakupa onyo na yenyewe haikupi. Vipo vifuniko vya mpira vyenye meno ya chuma vinavyovaliwa juu ya kiatu chochote. Usipokuwa navyo, fupisha hatua, weka mguu chini ya kiuno chako na usahau saa.

Januari ya kawaida hapa Minneapolis, usiku hushuka hadi karibu -13 na mchana hukomea -5 hivi. Kwa hiyo siku nyingi utakuwa na taiti, fulana mbili nyembamba, jaketi la upepo, boshori na glovu, basi. Siku ya 40 ya Fahrenheit vua jaketi. Siku ya 5, yaani -15, ongeza sweta la zipu, badilisha glovu, funika pua. Ikihisika -28 au chini yake, mimi na uzoefu wangu wote nabaki ndani. Chuo chako bila shaka kina mashine ya kukimbilia. Inachosha akili, lakini haijawahi kumgandisha mtu kidole. Halafu weka daftari. Kila ukirudi andika digrii, upepo, ulichovaa na ulivyojisikia kilomita ya tatu. Baada ya wiki sita daftari hilo litakujua kuliko mimi, kwa sababu kuna watu wanatoka jasho wakifunga kamba za viatu na wengine hawatoki mpaka wapande mlima.

Nikuonye kuhusu siku ambazo zinaonekana za kirafiki. Digrii 4 na mvua ni mbaya kuliko -10 kavu. Tarehe 16 Aprili 2018, Boston Marathon ilikimbiwa kwenye mvua kubwa na upepo wa usoni, joto likiwa kama digrii 4. Wakimbiaji wengi wakubwa waliotazamiwa kutamba walijitoa njiani. Geoffrey Kirui wa Kenya, bingwa mtetezi, alikuwa mbele peke yake akionekana amemaliza kazi, kisha mwili ukazima taratibu. Kwenye kilomita za mwisho Yuki Kawauchi wa Japani akampita na kushinda kwa saa 2:15:58. Upande wa wanawake alishinda Desiree Linden wa Marekani, na ukiangalia picha zake za mwisho wa mbio utaona bado amevaa jaketi. Mtu anakimbia kilomita 42 kutafuta ushindi na hataki kulivua! Miaka mitatu baadaye huko Gansu, China, wakimbiaji 21 walikufa kwenye mbio za milimani za kilomita 100 baada ya mvua, barafu na upepo kuwakuta na nguo nyepesi. Kwa hiyo Machi na Aprili, theluji ikianza kuyeyuka na kila mtu mtaani amevaa kaptura, wewe beba lile jaketi. Siku ya mvua ya aina hiyo ndiyo pekee ambayo nakuruhusu la mvua, na kukimbia kifupi.

Kuna jambo ambalo vitabu vingi vya huku havitakuambia vizuri. Picha zao za ngozi inayoganda zinaonyesha ngozi nyeupe iliyokuwa nyekundu kisha ikapauka kabisa. Kwenye ngozi yetu wekundu huo hauonekani. Unachokiona ni sehemu iliyopauka kama imepakwa majivu, yenye mng'ao kama wa nta, ngumu ukiibonyeza, na isiyo na hisia. Maumivu yakiisha ghafla usifurahi, hiyo ndiyo dalili. Takwimu za majeshi ya Marekani na Uingereza zimeonyesha kwamba askari wenye asili ya Afrika hupata majeraha ya baridi zaidi kuliko wenzao weupe, kwa hiyo usijilinganishe na jirani anayepita na masikio wazi. Ikikutokea, ingia ndani, usisugue, na kwa hali yoyote usipake theluji kama wengine wanavyodai. Tumbukiza kwenye maji ya uvuguvugu, kama digrii 37 hadi 39, yajaribiwe na mtu mwingine kwa kiwiko kwa sababu vidole vyako havitajua kama yanaunguza. Hisia isiporudi au malengelenge yakitokea, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kama wewe au yeyote anayesoma hapa ana selimundu, azungumze na daktari kabla ya kujaribu lolote kati ya haya, maana baridi inaweza kuamsha maumivu yake.

Ukimaliza mbio, usisimame nje ukijinyoosha na kuangalia simu. Ndani ya dakika tano uwe umeshavua vyote vilivyogusa ngozi, na cha kwanza kiwe sidiria ya michezo. Wanawake wote ninaowafundisha wananiambia ndiyo inayoshika maji kwa muda mrefu, na iko palepale kifuani. Kauka kwa taulo, vaa sweta kavu, ndipo uweke chai jikoni. Maji ya kunywa usiyasahau kwa sababu husikii kiu; jasho lilikuwepo.

Desemba jua linazama huku saa kumi na nusu na kuchomoza karibu saa mbili asubuhi, kwa hiyo mwanafunzi atakimbia gizani atake asitake. Vaa kizibao chenye mistari inayong'aa kama cha bodaboda, juu ya jaketi, siyo chini yake. Nimeshaona.

Kuhusu pesa: usinunue kitu kipya zaidi ya raba na glovu. Miji ya huku imejaa maduka ya mtumba, na tofauti na Tanga, mtumba wa huku haujasafiri. Mwezi wa tatu na wa nne watu wanamwaga taiti na fulana za michezo walizovaa mara mbili wakaghairi kukimbia. Pita kwenye mistari ya nguo kwa mkono, siyo kwa macho: pamba inashika kiganja, poliesta inateleza. Ukifua, usiweke ile sabuni ya kulainisha nguo, inaacha utando unaoziba nyuzi na fulana inaacha kusukuma jasho.

Amebaki mama. Mwambie kwamba nimonia huletwa na vijidudu, na kwamba mapafu hayagandi: hewa ikipita puani na kooni inapashwa na kupata unyevu kabla haijafika chini. Ila hana kosa kabisa. Hewa hii ni kavu, na ukikimbia kwa kasi ukihema kwa mdomo utakohoa nusu saa baada ya kurudi. Kitambaa cha shingo kikifunika mdomo kinapunguza hilo. Kifua kikibana au kikipiga filimbi, hiyo inaweza kuwa pumu inayoamshwa na mazoezi, na daktari ana dawa yake. Na utakapompigia simu baada ya kukimbia, badilisha fulana kwanza ndipo upige. Akisikia meno yanagongana, mimi na daftari lako hatutamshawishi tena.